Lowndes: Kaunti ya Vichwa Vingi na Kura Chache

Sensa ya Marekani ya mwaka 1960 ilikuta watu 15,417 katika Kaunti ya Lowndes, jimbo la Alabama. Katika kila watu watano, wanne walikuwa weusi. Kaunti hiyo ilikuwa na seneta wake peke yake katika bunge la jimbo mjini Montgomery, sawasawa na Kaunti ya Jefferson, yenye jiji la Birmingham na wakazi zaidi ya 600,000. Waliompigia kura seneta wa Lowndes walikuwa wazungu watupu. Katika daftari la wapiga kura hapakuwa na jina la mtu mweusi hata mmoja.

Lowndes iko kati ya Montgomery na Selma, mahali ambapo mgeni hupita kwa gari bila kusimama. Makao yake makuu, Hayneville, ni mji mdogo wenye mahakama nyeupe na uwanja mbele yake. Lakini mtu akitaka kuelewa uwakilishi wa kisiasa Marekani umejengwaje, na umebomolewa na kujengwa tena mara ngapi, atajifunza mengi zaidi hapa kuliko katika miji mikubwa. Kwa zaidi ya karne moja na nusu, wingi wa watu wa Lowndes umewapa viti watu wengine.

Udongo na watumwa, 1814–1865

Nchi hii ilikuwa ya Wacreek. Waliposhindwa vitani, mkataba wa Fort Jackson wa 1814 uliwanyang'anya ekari zipatazo milioni 23, sehemu kubwa yake ikiwa ndiyo Alabama ya leo. Katikati ya ardhi hiyo unapita ukanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi, mzito na wenye rutuba, na pamba ilistawi humo kupita kiasi. Wenye mitaji walihamia kutoka Georgia na majimbo ya Carolina wakiswaga watumwa mbele yao. Mwaka 1830 kaunti ikaundwa na kupewa jina la William Lowndes, mbunge wa South Carolina aliyekwisha kufa. Hata jina lilitoka kwa wahamiaji.

Kufikia 1860 zaidi ya theluthi mbili ya wakazi walikuwa watumwa. Katiba ya Marekani ya 1787 ilikuwa na hesabu yake juu ya watu wa namna hiyo: watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu wakati wa kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi na kura za kumchagua rais. Kwa hiyo bwana wa shamba mwenye watumwa mia hakuwa na pamba nyingi tu. Uzito wake kule Washington ulimzidi mkulima wa kaskazini aliyelima kwa mikono yake mwenyewe. Watumwa walichangia kiti, naye bwana akakikalia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliukomesha utumwa mwaka 1865, lakini kanuni hii ya kuvuna uwakilishi kwa vichwa vya watu wasio na sauti haikuzikwa pamoja nao.

Kura ya kwanza, 1867–1877

Sheria za Ujenzi Mpya za 1867 ziliwaweka wanajeshi kusimamia uandikishaji, na wanaume weusi wakaingia katika daftari la wapiga kura kwa mara ya kwanza. Mwaka 1870 Marekebisho ya 15 ya Katiba yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Katika ukanda wa udongo mweusi, ambako waliokuwa watumwa walikuwa wengi, chama cha Republican, chama cha Lincoln, kilishinda mfululizo.

Mtu wa kumtazama katika miaka hiyo ni James Rapier. Alizaliwa huru mjini Florence, kaskazini mwa Alabama, akasoma Kanada, akawa mwanasheria. Mwaka 1872 alichaguliwa kwenda Washington, lakini miaka miwili baadaye wimbi la vitisho na mauaji lilikirudisha chama cha Democratic madarakani Alabama, naye akapoteza kiti. Washindi hao wapya wakachora upya ramani ya wilaya za uchaguzi, nao walijua walichokuwa wakifanya: kaunti zenye weusi wengi, Lowndes ikiwamo, zilirundikwa katika wilaya moja, ili nyingine zote zibaki salama mikononi mwa wazungu.

Rapier akahamia Lowndes, akalima pamba huko, na mwaka 1876 akagombea katika wilaya hiyo. Tatizo ni kwamba alikuwapo mgombea mwingine mweusi, Jeremiah Haralson wa Selma, ambaye tayari alikuwa bungeni. Wawili hao hawakuelewana. Walizigawana kura za watu wao, na Charles Shelley, mzungu wa chama cha Democratic aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini, akapita katikati yao kwa kura zisizofika nusu. Alabama haikumpeleka tena mtu mweusi Washington hadi miaka ya 1990. Rapier mwenyewe aliishia kuwahimiza weusi wahamie Kansas, akafa 1883.

Ni rahisi kuwalaumu Rapier na Haralson, na wengi wamewalaumu. Lakini ugomvi wao ulikuwa na madhara makubwa kwa sababu ramani ilikuwa imewaachia mlango mmoja tu. Mahali penye milango saba wagombea wawili wanaweza kugombana bila jamii nzima kubaki nje.

Kuiba kwanza, kufuta baadaye, 1877–1901

Hapa kuna jambo ambalo masimulizi mafupi hulipita. Weusi wa Lowndes hawakufutwa daftarini mara tu baada ya wanajeshi wa serikali kuu kuondoka. Kwa miaka zaidi ya ishirini waliachwa humo, kwa sababu majina yao yalikuwa na faida. Wasimamizi wa uchaguzi katika ukanda huo walijaza masanduku wenyewe, wakazihesabu kura za weusi kuwa za chama cha Democratic, zikiwamo za waliohama na waliokufa. Mwaka 1892 wakulima wazungu maskini wa milimani, wakiongozwa na Reuben Kolb, walikaribia kuuchukua ugavana. Matokeo ya kaunti za weusi yalipotangazwa, Kolb alikuwa ameshindwa. Mzungu maskini wa kaskazini alishindwa kwa kura za mtu mweusi ambaye hakuwa amepiga kura.

Mwaka 1893 sheria iliyoitwa ya Sayre iliamuru majina ya wagombea yapangwe kwa alfabeti bila kutaja chama. Kwa mtu asiyejua kusoma, karatasi ya kura ikawa fumbo, na wa kumsaidia kulifumbua ni msimamizi yule yule.

Wizi nao una uchovu wake. Wenye mashamba walihofu kwamba siku moja wazungu maskini na weusi wangeungana kweli, na mwaka 1901 wakaitisha mkutano wa kuandika katiba mpya. Rais wa mkutano huo, John Knox, alisema waziwazi kwamba lengo lilikuwa kuweka utawala wa wazungu ndani ya mipaka ya Katiba ya Marekani. Masharti yakapangwa: kujua kusoma na kuandika, kuwa na kazi, kuwa na mali, kutokuwa na hatia ya makosa fulani, na kulipa kodi ya kichwa ya dola 1.50 kwa mwaka. Kodi hii ilikuwa na ujanja wake. Hakuna aliyekuja kukudai. Ililimbikizwa kimyakimya mwaka hadi mwaka, na siku unapotaka kupiga kura ulitakiwa kuilipa yote, hadi dola 36, fedha ambazo mkulima wa kugawana mavuno huenda asizishike mkononi kwa mwaka mzima.

Katiba hiyo ilipopelekwa kwa wananchi, ilipitishwa kwa kura za ukanda wa weusi. Katika kaunti tatu za jirani, Dallas, Hale na Wilcox, zilihesabiwa kura zaidi ya 17,000 za ndiyo na kama 500 za hapana, ilhali wanaume wazungu wenye umri wa kupiga kura katika kaunti hizo tatu hawakufika 6,000. Kwa hesabu hiyo, maelfu ya weusi walikuwa wameomba kunyang'anywa kura. Bila kaunti za ukanda huo katiba isingepita.

Ndani ya miaka miwili, kati ya wanaume weusi wapatao 181,000 wa umri wa kupiga kura Alabama, walioandikishwa hawakuzidi 3,000. Jackson Giles, mfanyakazi wa posta mjini Montgomery, alilipeleka suala hilo Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1903 Jaji Oliver Wendell Holmes, ambaye sifa zake hadi leo ni nyingi, aliandika kwamba mahakama haina dawa: kama wazungu wa jimbo zima wamekula njama, Giles aende akaombe msaada kwa serikali ya jimbo hilohilo au kwa serikali ya Marekani yenyewe.

Katiba ya 1901 ilifanya jambo la pili ambalo wakati huo halikuzungumzwa sana. Iliweka ukomo wa kodi ya ardhi, na ikazinyima kaunti uwezo wa kujiamulia mambo yao. Kaunti ikitaka kuongeza kodi au kuanzisha huduma mpya, mara nyingi lazima ikaombe sheria Montgomery. Waandishi wa katiba hiyo walifunga mlango kwa makomeo mawili. La kwanza lilimzuia mtu mweusi kufika ofisini, na la pili lilihakikisha kwamba hata akifika hatapata cha kufanya.

Seneta wa watu wachache, 1901–1964

Kwa miaka sitini viti vya bunge la Alabama havikugawanywa upya, ingawa katiba yenyewe iliagiza vigawanywe kila baada ya miaka kumi. Birmingham ilikua kwa chuma na makaa ya mawe. Lowndes ilipungua kwa sababu weusi walikuwa wakihamia Detroit, Chicago na miji mingine. Viti havikusogea. Wenye mashamba wa ukanda wa pamba walishika kamati za bunge, wakalinda kodi ndogo za ardhi na bajeti ndogo za shule.

Chini yao hali ilikuwa ngumu kuliko maneno. Familia chache zilimiliki sehemu kubwa ya ardhi, na mkulima mweusi alilima kwa mkopo wa mbegu, mkopo wa unga na mkopo wa nguo, akimaliza msimu akiwa bado anadaiwa. Mwaka 1935 wachuma pamba wa Lowndes waligoma chini ya chama cha wakulima kilichoongozwa na Wakomunisti. Mgomo ulizimwa kwa viboko na risasi. Watu waliita mahali hapo Lowndes ya Damu, na hawakuwa wakitia chumvi.

Juni 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama ya Juu iliamua kwamba viti vya mabunge ya majimbo lazima vifuate idadi ya watu. Hukumu hiyo iliitaja Lowndes kwa jina na kwa idadi, 15,417, mbele ya watu 600,000 wa Jefferson waliokuwa na seneta mmoja vilevile. Ilikuwa hukumu ya haki, sina ubishi nayo. Ila tazama tarehe. Hukumu iliyokikataa kiti kizito cha Lowndes ilitoka mwaka 1964. Watu weusi wa Lowndes walianza kuandikishwa kupiga kura mwaka 1965. Nguvu ambayo wingi wao uliwapatia wazungu kwa miaka sitini iliondoka muda mfupi tu kabla wenyewe hawajaweza kuitumia.

Barabara ya 80, 1965

Mwanzoni mwa 1965 kaunti ilikuwa na wazungu wapatao 1,900 wenye umri wa kupiga kura, na walioandikishwa walizidi 2,200. Marehemu walikuwa raia wema. Weusi wa umri huo walikuwa zaidi ya 5,000, na aliyeandikishwa hakuwapo. Ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili kwa mwezi. Mwombaji alijaza fomu ndefu, akajibu maswali juu ya Katiba, kisha akatakiwa awe na mpiga kura wa kumthibitisha. Mpiga kura huyo angekuwa nani?

John Hulett, mwenyeji wa Lowndes, alikuwa amefanya kazi Birmingham na kushiriki harakati za haki huko kabla ya kurudi nyumbani. Machi 1, 1965, yeye na wenzake wapatao arobaini walikwenda Hayneville kuandikishwa. Walirudishwa. Wiki mbili baadaye wakarudi, na safari hii mtihani ulifanyiwa katika jela ya zamani, mahali ambapo pengine hapakuchaguliwa kwa bahati. Waliofaulu walikuwa wawili, Hulett na mhubiri kipofu, John Lawson. Siku chache baadaye wakaunda chama cha harakati cha kaunti, Hulett akiwa mwenyekiti.

Ni vizuri kushika mpangilio huo. Walianza wenyewe, kabla ya maandamano maarufu ya Martin Luther King kupita hapo.

Maandamano yenyewe, ya maili 54 kutoka Selma hadi Montgomery, yaliingia Lowndes tarehe 22 Machi. Barabara ya 80 ndani ya kaunti ilikuwa nyembamba, na jaji wa serikali kuu alikuwa ameamuru wasizidi watu 300 katika sehemu hiyo. Usiku walilala katika mashamba ya weusi waliomiliki ardhi yao, kwa kuwa hao ndio pekee wasioweza kufukuzwa na mtu. Machi 25, maandamano yalipokwisha, Viola Liuzzo, mama wa watoto watano kutoka Detroit, alipigwa risasi na watu wa Ku Klux Klan katika barabara hiyo, ndani ya Lowndes, akiwa anaendesha gari kuwasafirisha waandamanaji.

Watu wa SNCC, umoja wa vijana wa harakati, walikaa baada ya wengine kuondoka. Stokely Carmichael, aliyezaliwa Trinidad na kukulia New York, aliongoza kikundi kidogo, pamoja na Bob Mants ambaye aliishi Lowndes hadi alipofariki 2011. Vijana wa umoja huo walikuwa na macho yaliyotazama mbali. Desemba 1963, Kenya ikiwa imetoka kupata uhuru, wenzao walikutana na mmoja wa viongozi wake, Oginga Odinga, mjini Atlanta, na neno uhuru likaingia katika mikutano yao. Lowndes waliiona kwa jicho hilo: mahali ambapo wengi wanatawaliwa na wachache na wanataka kujitawala.

Agosti 6, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Siku nne baadaye maofisa uandikishaji wa serikali kuu walifungua kazi Fort Deposit, mji wa Lowndes ambako Klan walikuwa na nguvu. Mtihani wa kusoma ulikuwa umefutwa. Watu walipanga foleni juani. Sheria hiyo, tofauti na ahadi ya 1870, ilikuwa na meno: pamoja na kuwaleta maofisa hao, ililitaka jimbo lipate kibali cha Washington kabla ya kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi.

Agosti 14 vijana walioandamana Fort Deposit walikamatwa, wakafungwa Hayneville. Walipoachiwa tarehe 20, wanne kati yao walikwenda dukani kununua soda. Mzungu mmoja mwenye bunduki, msaidizi wa hiari wa sherifu, alimwelekezea msichana mweusi, Ruby Sales. Jonathan Daniels, mzungu aliyekuwa akisomea ukasisi wa Episcopal, alimsukuma pembeni na kufa badala yake. Kabla ya mwezi Septemba kwisha, jopo la wanaume wazungu lilimwachia huru muuaji. Mauaji hayo yalizaa kesi nyingine: Februari 1966 mahakama ya serikali kuu iliamua kwamba Lowndes haikuwa na haki ya kuwaondoa weusi, wala wanawake wa rangi yoyote, katika majopo ya mahakama. Kaunti iliyokuwa nyuma kabisa ikaacha alama katika sheria za wanawake wa Marekani.

Wenye mashamba walijibu kwa silaha waliyoizoea. Kufikia majira ya baridi, familia zilizojiandikisha zilikuwa zikifukuzwa katika vibanda vya mashambani. Harakati zikanunua kipande cha ardhi kando ya Barabara ya 80, zikasimamisha mahema. Watu waliishi humo kwa zaidi ya miaka miwili, wakipigwa risasi usiku na magari yanayopita.

Chui na jogoo, 1966

Sasa wapiga kura walikuwapo, lakini wampigie nani? Nembo ya chama cha Democratic cha Alabama ilikuwa jogoo mweupe, na juu yake maneno ya kusifu utawala wa wazungu, maneno yaliyoondolewa mwaka 1966 wenyewe. Mtafiti wa SNCC, Jack Minnis, alifukua katika vitabu vya sheria kifungu kilichosahaulika: chama kingeweza kuundwa ndani ya kaunti moja, na kikipata asilimia 20 ya kura katika uchaguzi mkuu kingetambuliwa rasmi. Kikundi cha Hulett kikaanzisha chama hicho. Sheria ilitaka nembo, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Wakachagua chui mweusi, mchoro uliotokana na mnyama wa timu za Clark College ya Atlanta.

Maandalizi yao ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika historia hii. SNCC walichora vitabu vidogo vya picha vilivyoeleza kazi ya sherifu ni nini, mkadiriaji kodi anafanya nini, bodi ya elimu ina uwezo gani. Mkulima ambaye juzi tu alikuwa haruhusiwi kusogelea mahakama akakaa jioni kanisani kujifunza ofisi ya mahakama inavyoendeshwa. Kwa upande wa pili, chama cha Democratic cha kaunti kilipandisha ada ya kugombea kutoka dola 50 hadi dola 500.

Palikuwa na ubishi. Watu wa King waliwataka weusi wapige kura katika uchaguzi wa awali wa Democratic, wamsaidie mgombea ugavana aliyekuwa na msimamo wa wastani. Sheria haikuruhusu mtu kushiriki pote pawili. Mei 3, 1966, siku ya uchaguzi huo wa awali, weusi wapatao 900 wa Lowndes walikusanyika katika kanisa la Baptist karibu na Hayneville, sherifu akiwa amewakatalia uwanja wa mahakama, wakateua wagombea wao saba. Sidney Logan aligombea usherifu. Alice Moore, aliyegombea ukadiriaji kodi, alikuwa na sera fupi: kodi ipande kwa matajiri ili maskini wale.

Novemba 8 walishindwa wote. Logan alipata kura 1,643, mpinzani wake 2,320. Wenye mashamba waliwabeba wafanyakazi wao kwa malori na kuwaelekeza wapi pa kutia alama. Wazungu walijitokeza karibu wote. Lakini chui alipata zaidi ya mara mbili ya asilimia 20 iliyotakiwa, na chama kikatambuliwa. Wakati huohuo, Oakland, California, Huey Newton na Bobby Seale walikuwa wameichukua nembo hiyo na kuanzisha chama cha Black Panther. Dunia ikamjua chui wa Oakland mwenye bunduki. Chui wa kwanza, wa karatasi ya kura, alibaki kujulikana na wachache.

Hulett ofisini, 1970–1992

Mwaka 1970, kwa tiketi ya chama cha National Democratic cha Alabama kilichowaunganisha weusi wa jimbo zima, Hulett alichaguliwa kuwa sherifu. Alikaa katika ofisi hiyo miaka 22, kisha akawa jaji wa mirathi, cheo kinachosimamia pia chaguzi za kaunti. Aliwahi kukataliwa na ofisi ya uandikishaji, na mwishoni funguo za uchaguzi zilikuwa mikononi mwake.

Weusi walichukua ofisi moja baada ya nyingine. Polisi waliacha kuwa tishio la usiku. Lakini chama cha chui kilififia ndani ya Democratic, ambacho sasa kilikuwa chama tofauti kabisa na kile cha jogoo, na mikutano ya kanisani ikawapisha wanasiasa wa kazi. Wazungu nao walihamishia watoto wao shule binafsi. Waliomiliki ardhi hawakuwa tena na mtoto katika shule za umma, na mwaka 1978 marekebisho ya katiba ya jimbo yakaruhusu ardhi ya kilimo na misitu itozwe kodi kwa thamani ya matumizi yake ya sasa, iliyo chini ya bei ya soko. Sera ya Alice Moore haikupata hata nafasi ya kujaribiwa. Komeo la pili la 1901 lilikuwa bado imara.

Wilaya moja, kisha mbili, 1992–2025

Mwaka 1992 mahakama ilichora wilaya ya 7 ya Alabama yenye weusi wengi, na Earl Hilliard akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka Alabama kwenda Washington tangu Haralson. Baadaye Lowndes iliwakilishwa na Artur Davis, na tangu 2011 na Terri Sewell, aliyekulia katika ukanda huohuo. Wilaya hiyo ilikuwa ushindi mkubwa. Ilikuwa pia, kwa umbo, ndugu wa ile ya Rapier: weusi wamekusanywa katika wilaya moja kati ya saba, wakati ni zaidi ya robo ya wakazi wa jimbo.

Mwaka 2013, katika kesi iliyotoka Kaunti ya Shelby, Alabama hiyohiyo, Mahakama ya Juu ilibatilisha kanuni iliyoyalazimisha majimbo kama Alabama kuomba kibali. Miaka kumi baadaye, Juni 2023, mahakama hiyo ilishangaza wengi kwa kura 5 dhidi ya 4 ilipokubali kwamba ramani ya Alabama iliwapunja weusi. Wabunge wa jimbo walichora nyingine isiyotii, mahakama ya chini ikachora yake, na 2024 Shomari Figures akashinda wilaya ya 2. Lowndes ilibaki katika wilaya ya 7.

Katika chaguzi za rais kaunti haina mashaka. Obama alipata karibu robo tatu ya kura zake, na waliomfuata katika chama chake hawakuwa mbali na hapo. Kinachopungua ni watu: sensa ya 2020 iliwakuta 10,311.

Na udongo bado upo. Ule mfinyanzi ulioleta pamba haunywi maji, kwa hiyo mashimo ya kawaida ya maji taka hufurika. Mtambo unaofaa waweza kugharimu dola 15,000 au zaidi, na nyumba nyingi humwaga uchafu uani kwa bomba. Catherine Coleman Flowers, aliyekulia Lowndes, alilipigia kelele jambo hilo kwa miaka, na utafiti wa 2017 ulikuta dalili za minyoo ya safura katika zaidi ya theluthi ya watu wachache waliopimwa. Kaunti yenye makamishna weusi na sherifu mweusi haikuwa na kodi ya kulipia mitambo hiyo, wala mamlaka juu ya idara ya afya ya jimbo, ambayo kwa miaka iliwatishia wakazi mashtaka ya jinai.

Novemba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianza kuichunguza idara hiyo chini ya sheria za haki za kiraia, na Mei 2023 yakafikiwa makubaliano: vitisho vya mashtaka vikome, na mpango wa mitambo uandaliwe. Novemba 2024 wakazi wengi wa Lowndes walimpigia kura Kamala Harris. Alabama kwa jumla ilimpa Donald Trump karibu asilimia 65. Aprili 2025 Wizara ya Sheria iliyo chini ya Trump iliyafuta makubaliano hayo ya maji taka, ikieleza kwamba yalikuwa sehemu ya sera za usawa wa rangi ambazo serikali mpya haizitaki.